Kijana wa miaka 17 mwenye bia mbili ni hatari barabarani kuliko mzee mwenye bia tano. Nikosoeni

#1 Kobe wa Mtoni
Wakuu salaam.

Wiki mbili zilizopita mtoto wa dada yangu, miaka 17, alikuwa na mahafali ya form four. Shughuli imeisha, wageni wameondoka, dogo kaja na wenzake nyumbani kwao Boko, saa tano usiku kachukua ufunguo wa IST ya baba yake juu ya friji wakatoka "kununua chipsi". Mbele ya Bunju kulikuwa na lori la mchanga limeharibika, dereva kaweka matawi barabarani kama kawaida yetu. Dogo kayapita matawi yote, karibu mita thelathini za majani, lori kaliona limeshafika usoni. Kakata kulia kujiokoa yeye, ubavu wa kushoto ukaingia chini ya lori. Rafiki yake aliyekaa kushoto amevunjika paja, kawekewa chuma. Dogo kashonwa nyuzi sita kwenye kidevu, basi.

Nilienda kuliona gari kituoni. Lile taji la mahafali, la pipi na maua ya karatasi, bado linaning'inia kwenye kioo cha kati. Pipi zimemwagika kiti chote.

Sasa kinachonisumbua ni hiki: shemeji yangu, baba wa dogo, anapiga bia tano kila Jumamosi, anaendesha kurudi nyumbani miaka ishirini sasa, hajawahi kugusa hata ukuta wa geti. Dogo anasema alikunywa "kidogo tu". Ndiyo maana nasema hivyo nilivyosema kwenye kichwa cha uzi. Nikosoeni.

#2 Chupa Tupu
Nimekaa pale nasubiri wazee wa bia tano waje.

#3 Mama Wawili
Pole sana kaka, na umpe pole mama wa yule kijana mwingine. Ila naona umeruka swali. Ufunguo juu ya friji unatafuta nini kwenye nyumba yenye kijana wa miaka 17 siku ya sherehe? Pombe na matawi nimeviona, hilo la ufunguo bado linanitatiza.

#4 Fundi Gereji
Mkuu umewahi kuangalia tairi za hiyo gari? Nimefungua IST nyingi, mtu anavaa tairi za mtumba zimekauka kama biskuti halafu anasingizia pombe. Breki ikikamatwa ghafla kwenye lami yenye mchanga ule wa malori, hata padri anaenda chini ya lori. Mimi nasema gari kwanza.

#5 Njiapanda
Haya yote yameletwa na viroba, zile pombe kali za pakiti. Serikali ilivipiga marufuku 2016 vizuri kabisa lakini wajanja wakarudi kwa mlango wa nyuma na zile chupa ndogo za plastiki. Mtoto wa shule hawezi kununua chupa kubwa ya kuchangia harusi, ila hiyo ndogo, kisungura, anakiweka kwenye soksi.

#6 Trafiki Mstaafu
#5 rekebisha hapo, marufuku ilianza tarehe 1 Machi 2017. Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, aliitangaza Februari mwaka huohuo. Nakumbuka maana wiki ile tulikuwa tunakuta watu wamejaza viroba stoo kama wanajiandaa na njaa.

Kwa mleta uzi. Nimesimama barabarani miaka mingi. Mzee mlevi namjua kwa mbali, anaendesha taratibu kupita kiasi, kashika usukani mikono miwili, indiketa imewaka kilomita nzima, anajua kabisa kwamba amelewa. Kijana mlevi haonyeshi hivyo, yeye kelele inampa mguu mzito, mziki juu na wenzake nyuma wanamwambia "gonga, gonga". Kwa hiyo nakuunga mkono nusu.

#7 Kobe wa Mtoni
Shikamoo mzee wangu. Hiyo nusu nyingine?

#8 Trafiki Mstaafu
Marahaba. Nusu nyingine ni kwamba shemeji yako naye ana deni, hajalipa tu. Sheria yetu inasema ukizidi miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu umevunja sheria. Haiulizi una watoto wangapi wala umeendesha tangu mwaka gani.

#9 Chupa Tupu
Mzee wa bia tano nimefika kumbe ni mimi mwenyewe. Jamani kuna watu tukinywa ndiyo tunaendesha vizuri, macho yanakuwa makali. Nimetoka Tabata mpaka Mbezi mara ngapi na sikumbuki hata kona moja niliyokosea.

#10 Abdul wa Ngamiani
Hukumbuki kona yoyote ndugu yangu, hata hizo ulizopatia.

#11 Mama Wawili
😂😂 Abdul umemaliza.

#12 Nesi wa Zamu
Nimecheka #10 lakini naomba niseme kwa uzito kidogo, mimi nafanya kazi mapokezi ya majeruhi, sitataja wapi.

Kwanza hiyo "kidogo tu" ya dogo. Alikunywa nini? Mkisema bia mbili mnafikiria chupa ya nusu lita yenye asilimia 5, hapo kuna mililita 25 za kileo chenyewe. Kisungura cha mililita 200 chenye asilimia 35 kina mililita 70, yaani kama bia tatu zimekandamizwa kwenye kitu kinachoingia mfukoni. Bia tatu mtu anakaa nazo jioni nzima, tumbo linajaa, anaenda chooni, anachoka nazo. Kisungura kinachanganywa na energy drink kinaisha robo saa kabla mziki haujabadilika. Na ile energy haipunguzi ulevi hata kidogo, inaondoa usingizi tu, kwa hiyo unabaki mlevi aliye macho.

La pili, pombe haifiki kileleni ukimaliza glasi. Inaendelea kupanda kwenye damu nusu saa, saa, wakati mwingine zaidi kutegemea umekula nini. Ndiyo maana wanawasha gari wakijisikia safi kabisa. Wanalewa njiani.

#13 Kobe wa Mtoni
Dada umenigusa. Nimemuuliza dogo leo asubuhi baada ya kusoma hii. Haikuwa bia. Visungura viwili watu wanne, na energy. Anasema alipowasha gari "alikuwa fresh".

#14 Fundi Gereji
Haya visungura viwili watu wanne ni nusu nusu, nusu ya kisungura haimlazi mtu. Narudi kwenye tairi zangu.

#15 Njiapanda
Ahsante kwa marekebisho mzee #6. Fundi wewe ukiumwa jino utasema ni tairi.

#16 Nesi wa Zamu
#14 hapo ndipo penyewe. Nusu ya kisungura kwa kijana wa kilo sitini huenda akapulizwa kipimo akakutwa chini ya hiyo 80 ya mzee wa trafiki, na angeambiwa aende salama. Lakini hajawahi kuendesha usiku zaidi ya mara kumi maishani mwake! Mtu mzoefu vitu vingi anafanya bila kufikiria, kupunguza gia, kuangalia kioo, kusoma barabara mbele. Mtoto kila kitu anakifikiria kimoja kimoja, na pombe kitu cha kwanza inachoiba ni uwezo wa kufanya mambo mawili kwa pamoja. Yale matawi aliyaona, nina uhakika. Aliona majani tu, hayakumwambia kitu.

Chukulia alikuwa spidi 80 kwa saa, ni mita 22 kila sekunde. Ukichelewa nusu sekunde kuelewa, mita 11 zimeondoka bado hujagusa breki.

Shirika la Afya Duniani linashauri madereva wachanga wasizidi miligramu 20, wakubwa 50. Sisi mchanga na mkubwa tumewekwa kapu moja la 80.

#17 Baridi Kali
Niko Minnesota mwaka wa kumi na moja, naendesha malori. Huku chini ya miaka 21 huruhusiwi hata tone moja. Hawajali kama umelewa au hujalewa, harufu tu na kipimo kikionyesha una kitu leseni inakaa pembeni siku 30 mara ya kwanza. Na umri wa kununua pombe ni 21 nchi nzima, walibananisha majimbo 1984 kwa kuwakatia hela za barabara, wote wakanyooka. Aliyeanzisha ile kelele ni mama mmoja wa California, mwanae aligongwa na kijana mlevi 1980, akaunda chama cha akina mama.

#18 Msee wa Rongai
Baridi Kali uko sawa na sheria lakini huyo driver hakuwa kijana, alikuwa mzee wa miaka 46. Mtoto ndiye alikuwa 13. Nilisoma hiyo story vizuri kwa sababu ya mambo yangu. Alikuwa ameshashikwa kwa pombe mara kadhaa kabla. So hiyo case ni ya #9, si ya dogo 😅

#19 Chupa Tupu
Sasa mimi nimeingiaje California?

#20 Baridi Kali
Nakubali kosa #18, nilikariri vibaya. Ila zile sheria za tone zilifuata baadaye na zinalenga vijana kweli.

#21 Mzee wa Kitonga
Nyie wa Dar mnaongelea IST. Huku Iringa msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, dogo wa miaka 16 anapakia watu watatu kwenye boda, kanywa tangu saa nne asubuhi kwa sababu ulanzi kwao ni kama maji, ulanzi mtogwa watoto wanapewa kabisa. Shida ule wa asubuhi ni mtamu, jioni umeshachachuka umekuwa mkangafu na yeye anaupima kwa ladha ya asubuhi. Hana kofia, hana leseni, taa ya mbele ameifunga na kandambili isitikisike. Hapo utasema ni umri, ni pombe, ni kofia au ni kandambili? Mwaka jana tumezika wawili kijiji kimoja na kila mtu msibani alikuwa na sababu yake. Mmoja akasema kuna mti pale kwenye kona unapenda damu.

#22 Abdul wa Ngamiani
Mti unapenda damu ila haujawahi kumgonga mtu anayekwenda kwa miguu mchana.

#23 Mzee wa Kitonga
Ndivyo nilivyowajibu. Nikaambiwa mimi ni mjuaji.

#24 Msee wa Rongai
Huku Kenya tuko na alcoblow, kile kipimo cha kupuliza, ukishikwa unalala ndani na asubuhi ni korti, Traffic Act inasema faini mpaka laki moja ama miaka miwili jela. Lakini vijana wameunda magroup za WhatsApp za kuonyeshana wapi polisi wako, so wanapitia njia za ndani, barabara mbovu bila taa, wakiwa walevi. Yaani kipimo kimewatoa barabara nzuri kikawapeleka mbaya. Mimi niliacha 2019. Nilikuwa 19, tulikuwa watano kwa Vitz tukitoka Ngong. Sitaki kuandika hiyo story hapa.

#25 Mama Wawili
Pole mwanangu. Usiandike.

#26 Njiapanda
Si Kenya wamepandisha umri wa kunywa kuwa 21 nao?

#27 Msee wa Rongai
Bado. NACADA, wale wa serikali wa kupambana na ulevi na dawa za kulevya, walileta pendekezo 2025 watu wakapiga kelele, sheria yenyewe bado inasema 18. Na hata ikisema 30, wines and spirits ya mtaani inauliza kama una pesa, haiulizi ID.

#28 Mpangaji wa Pili
Samahani wakuu naingia katikati. Mbona wote mnalaumu mtoto? Lori la mchanga lilikuwa limelala barabarani usiku, halina pembetatu, halina stika za kung'aa, limetegeshewa majani kama mtego wa ndege. Mimi situmii pombe kabisa na mwaka juzi nimekosa kufa pale Mlandizi kwa lori la namna hiyo. Tena dereva wake alikuwa chini ya lori amelala kwenye turubai! Huyu dogo angekuwa hajanywa tungesema lori ni muuaji. Amekunywa, lori limesamehewa.

#29 Trafiki Mstaafu
#28 una hoja na haipingiki. Majani si alama. Mwenye lori naye angetakiwa kujibu.

Lakini jiulize magari mangapi yalipita pale kabla ya dogo. Lile lori nina hakika lilikuwa pale tangu jioni.

#30 Kobe wa Mtoni
Tangu saa kumi na mbili. Muuza chipsi mmoja pale pembeni aliniambia alikuwa ameshahesabu magari matatu yaliyolikosakosa.

#31 Mpangaji wa Pili
Matatu! Na hao hawakuwa watoto wa mahafali.

#32 Fundi Gereji
Na tairi je? Hamjanijibu.

#33 Bintidada
Naombeni nitoe ya kwangu, sijawahi kuiandika popote. Nilikuwa yule anayekaa kiti cha kushoto. Form six, Arusha, tulitoka disko saa tisa usiku, mwenye gari alikuwa mpenzi wangu wakati huo miaka 18. Nilijua amelewa. Aliangusha funguo mara mbili akitafuta tundu, nikamwokotea MIMI. Niliziokota nikampa mkononi, nikapanda nikafunga mkanda, maana kusema "tusiende" mbele ya watu sita waliokwisha kupanda ni ushamba. Tulitumbukia mtaroni Njiro, nikapoteza meno mawili ya mbele. Haya niliyonayo ni ya kuwekewa. Kila nikipiga mswaki naikumbuka ile sauti ya funguo kwenye kokoto.

Kwa hiyo Mama Wawili anauliza ufunguo ulitafuta nini juu ya friji. Mimi nauliza wale watatu waliopanda na dogo walimwambia nini.

#34 Mama Wawili
Bintidada nimenyamaza. Ahsante.

#35 Kobe wa Mtoni
Walimwambia awahi kabla chipsi hazijaisha.

#36 Chupa Tupu
Dah. Huu uzi umebadilika.

Swali la kweli sasa, si utani. Nikinywa mpaka saa tisa usiku, nikalala, nikaamka saa mbili asubuhi nimeoga maji baridi na supu ya pweza na kahawa nzito, niko sawa au siko sawa?

#37 Nesi wa Zamu
Inategemea ulikunywa ngapi, ila supu, kahawa na maji baridi havipunguzi chochote kwenye damu. Ini linafanya kazi kwa spidi yake, kwa makadirio gramu kumi hivi za kileo kwa saa, na bia yako moja ya nusu lita ina karibu ishirini. Kwa hiyo bia sita ni kama saa kumi na mbili. Wewe saa mbili asubuhi ni mlevi aliyeoga.

#38 Abdul wa Ngamiani
"Mlevi aliyeoga" badilisha jina la akaunti mkuu. Na supu ya pweza tuachie sisi wa Tanga, haina kazi hiyo unayoifikiria.

#39 Baridi Kali
Naomba kuuliza wenye uelewa, bima inasemaje hapo? Huku ingekuwa msiba wa pili.

#40 Trafiki Mstaafu
Bima kubwa dereva akiwa hana leseni au amelewa, kampuni inakuonyesha mstari kwenye karatasi uliyosaini bila kusoma. Gari lake ajihesabie limekwenda. Madai ya yule aliyevunjika paja ni habari nyingine, bima ya mtu wa tatu inaweza kulipa halafu wakamgeukia mwenye gari wamdai. Amwone mwanasheria, asisikilize vijiweni, na hapa pia ni kijiweni.

#41 Nesi wa Zamu
Kabla sijaingia zamu, kitu kimoja ambacho hakijasemwa. Kijana akigonga akiwa anaongea hovyo, anatapika, anataka kulala, wenzake wanasema "mwache alale ni pombe". Usimwache. Kichwa kinachovuja damu ndani kinafanana kabisa na ulevi, hata sisi tunapata tabu kutofautisha mpaka kichwa kipigwe picha. Nimepokea mmoja saa moja asubuhi ambaye wenzake walimlaza kwenye kochi saa saba usiku wakamfunika na khanga na kumwekea ndoo pembeni. Walifanya kwa upendo. Ndoo walikuja nayo.

#42 Msee wa Rongai
🙏

#43 Mzee wa Kitonga
Hiyo ndoo nitaisimulia kwenye kikao cha kijiji, kwa ruhusa yako nesi. Ya mti wamekwisha kuikataa.

#44 Njiapanda
Mleta uzi turudi kwenye hoja yako, dogo wa mbili na mzee wa tano nani hatari zaidi? Mimi naona umeshindwa maana kumbe haikuwa bia mbili na mzee mwenyewe naye amevunja sheria kila Jumamosi.

#45 Kobe wa Mtoni
Nimeshindwa kichwa cha uzi, sijashindwa moyoni. Bado naamini dogo ni hatari zaidi kwa tone hilohilo moja, nesi na mzee wamenisaidia kusema kwa nini. Ila jana nimempelekea shemeji simu asome tangu mwanzo. Kasoma kimya mpaka pale kwa Chupa Tupu akacheka, halafu pale kwa Bintidada akanirudishia simu. Akaniambia dogo amekuwa akimwona anavyorudi kila Jumamosi tangu ana miaka mitano, ndiye anayemfungulia geti.

#46 Mama Wawili
Na ufunguo sasa hivi uko wapi?

#47 Kobe wa Mtoni
Hakuna cha kufungua dada. Gari bado liko kituoni.

#48 Fundi Gereji
Mkuu injini ni nzima? Na gia boksi? Nina mteja Sinza anatafuta.

#49 Abdul wa Ngamiani
Fundi una roho ya chuma.

#50 Kobe wa Mtoni
Injini nzima. Tairi za mbele nimeziangalia leo kwa ajili yako, mbili zimekauka kweli. Njoo PM.

#51 Mpangaji wa Pili
Nimepita pale asubuhi hii. Lori limeondoka, matawi bado yako.